Masikio yakigoma Kigoma: jinsi ya kuzibua masikio ukianza kuzamia

Nina kamba ya manila ya mita 10, nimeipiga mafundo kila nusu mita, na kila inapotimia mita nzima nimezungushia kitambaa chekundu ili kionekane. Chini nimefunga jiwe, juu kuna dumu tupu la lita 20 linaelea. Nimeshawashusha watu wengi kwa kamba hiyo, na ukiishika leo utakuta fundo la tatu na la nne yamechakaa kuliko mengine yote, nyuzi zimetoka, yamekuwa laini kama yamepigwa msasa. Hapo ni mita moja na nusu mpaka mbili. Ndo pale kila anayeanza anapokwama, mkono mmoja umeng'ang'ania kamba, mwingine uko sikioni, macho yamemtoka ndani ya maski.

Sasa ziwa lenyewe hili la Tanganyika lina kina karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na ugomvi wote wa masikio unaisha kwenye mita mbili za juu ambazo hata mtoto wa Katonga, hapa ufukweni Kigoma, anazifikia akiokota kijiko kilichoanguka wakati wa kuosha vyombo. (Na nikisema mzamiaji simaanishi yule wa melini bila tiketi wala yule wa harusini bila kadi, namaanisha mwenye mtungi wa hewa mgongoni.)

Kama na wewe ndo unaanza na kuna mtu kakuambia "we shuka tu, masikio yatazoea", achana nae. Sikio halizoei presha. Kinachozoea ni wewe, unajifunza kulizibua mapema kabla halijalalamika, na hiyo kabla ndo kila kitu, ntairudia mpaka unichoke.

Kwanza uelewe kinachotokea maana ukishaelewa hutahangaika sana. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kachumba kadogo kana hewa ndani. Hako kachumba kana mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, juu ya koo, wataalamu wanauita mrija wa Eustachi kwa jina la daktari mmoja wa Italia wa karne ya 16. Muda mwingi mrija umefunga, unafunguka kidogo ukimeza mate au ukipiga miayo. Umeshapanda basi kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu? Basi likianza kupanda vilima masikio yanaziba, unameza mate, tik, yamezibuka yenyewe, hata hujafikiria. Ila siku unarudi, basi linashuka kuja ziwani, hapo ndo unajikuta umeziba mpaka mjini, watu wanaongea unawasikia kama wako ndani ya pipa. Ni kwa sababu hewa kutoka sikioni ni rahisi, hewa kuingia ndo kazi. Kuzamia ni kushuka, kwa hiyo wewe muda wote uko upande mgumu.

Alafu maji sio hewa, maji ni mazito. Chukua chupa tupu ya plastiki, ile ya maji ya lita moja na nusu, ifunge kizibo vizuri ukiwa juu, shuka nayo. Ukifika mita mbili tu imeshabonyea mbavu. Ukifika kama mita tisa na nusu hewa ya ndani imebaki nusu. Lakini ukitoka mita 20 kwenda 22 huoni mabadiliko yoyote ya maana, chupa ilishabonyea zamani. Basi ngoma ya sikio lako inafanyiwa hivyohivyo, mita za mwanzo ndo zinaibonyeza kwa kasi, huko chini ni polepole. Ndo maana mtu anayelia kwenye fundo la tatu akishafika mita 8 anakuwa kama sio yeye.

Kwa hapa kwetu kuna kitu kidogo cha ziada. Uso wa ziwa uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mafunzo ya kuzamia chochote kinachozidi mita 300 kinahesabiwa ni kuzamia nyanda za juu. Hewa ya huku juu ni nyepesi kidogo kuliko ya Tanga au Zanzibar, kwa hiyo presha inajidabo mapema kidogo. Kwa sikio tofauti ni ndogo sana, ila kwa saa yako ya kuzamia na majedwali ya kuhesabu muda wa kukaa chini sio ndogo, hakikisha imesetiwa kwa mwinuko, hiyo ni mada ya siku nyingine.

Turudi kwenye mrija. Mdomo wa ule mrija upande wa pua ni nyama laini. Umeshakunywa juisi nzito ya parachichi kwa mrija mlaini? Ukinyonya sana mrija unajibana wenyewe, na kadiri unavyonyonya kwa hasira ndo unazidi kujibana, juisi haiji. Ndo hivyohivyo. Ukishuka bila kuzibua, kile kachumba kinabaki na presha ndogo, kinanyonya, na kwenye kama mita moja na ushee mdomo wa mrija unaweza kubanana kabisa. Ukishabanana hapo hata upulize vipi haufunguki, na unachofanya kwa kupuliza ni kujiumiza. Dawa ni moja tu, panda juu, presha ipungue, mrija uachie, uanze upya. Kwa hiyo maumivu sio kengele ya kukuambia "zibua sasa". Maumivu ni taarifa kwamba umeshachelewa.

Haya nimeyajua kwa njia mbaya. Siku yangu ya kwanza jamaa aliyeniazima vifaa alinipa somo la sentensi moja, ziba pua, puliza, ikigoma ongeza nguvu. Nikashuka naona samaki wa rangirangi kwenye mawe, wale wanaosafirishwa nje kwa ajili ya matenki ya mapambo, nimefurahi, kwenye mita tatu sikio la kushoto linauma kama limechomwa sindano, nikasema mwanaume havunjiki, nikafika kama mita nne nikaziba pua nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Nikasikia paa. Maumivu yakaisha, nikajua nimefaulu. Sekunde chache baadae nikahisi ubaridi ndani ya kichwa, alafu ziwa lote likaanza kuzunguka, sijui juu wapi chini wapi, mapovu yanakwenda pembeni. Nikakumbatia jiwe. Ikachukua kama dakika moja hivi ndo ikatulia. Ngoma ilikuwa imetoboka, maji yenye baridi kuliko mwili yakaingia kwenye kile kachumba, yakakipoza kifaa cha mwili cha kupima mizani kilicho jirani yake, na mizani ikichanganyikiwa unazunguka, maji yakishapata joto la mwili kizunguzungu kinaisha. Nikuambie tu likikukuta, shika kamba au jiwe, usikurupuke juu, subiri litulie, alafu panda taratibu na mwenzako.

Sehemu ya pili ya kosa ilikuwa nyumbani. Shangazi yangu kwa upendo wote akapasha mawese akanidondoshea sikioni, kesho yake duka la dawa wakanipa matone bila hata kuchungulia na kitochi. Sikio likaoza, samahani kwa neno, usaha ulitoka wiki tatu. Daktari wa masikio aliponiona baadae akasema tundu lenyewe lingejifunga bila shida, kilichonichelewesha ni vitu nilivyomwaga ndani.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe, na kazi inaanzia nyumbani, kwenye kioo, sio ziwani.

Kuna njia tatu nafundisha. Ya kwanza inayojulikana na wengi, ziba pua kwa vidole, funga mdomo, puliza kidogo kupitia pua iliyozibwa mpaka usikie tik. Inaitwa Valsalva, kwa jina la Mtaliano mwingine wa miaka ya 1700. Ni rahisi, ubaya wake watu wanapuliza kama wanapuliza moto wa kuni mbichi. Upulize kama unataka kuondoa vumbi kwenye kioo cha simu, basi, na usishikilie zaidi ya sekunde tano. Ukipuliza kwa nguvu ya kifua presha inaenda mpaka kwenye sikio la ndani kabisa, na kule kuna kigozi kingine kidogo kinaweza kupasuka, kile kikipasuka unaweza kupoteza usikivu moja kwa moja, sio wa wiki mbili.

Ya pili, ziba pua alafu meza mate. Hii ni ya Toynbee, daktari wa Uingereza. Ukimeza misuli inavuta mrija unafunguka wenyewe. Mi naipenda kwa sababu huwezi kujiumiza sana nayo, shida ni kwamba hewa ya mtungi ni kavu, ukikaa nayo kidogo koo limekauka huna hata mate ya kumeza. Vuta maji kidogo mdomoni au lambalamba ulimi kwenye meno mate yaje.

Ya tatu ndo wakubwa wanaitumia, inaitwa Frenzel, daktari wa Kijerumani aliyewafundisha marubani wa kivita enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Hii unasukuma kwa ulimi badala ya kifua. Fanya hivi, ziba koo kama unavyoziba ukitaka kunyanyua gunia la mahindi, ile "hngh" kabla hujanyanyua. Hewa ya kifuani imebaki chini. Sasa ziba pua, peleka ulimi wa nyuma juu kama unataka kusema "ng" ya ng'ombe, usiseme, shikilia palepale, alafu sukuma ulimi nyuma na juu kama pistoni ya pampu ya baiskeli. Simama mbele ya kioo, utaona koromeo linapanda na pua inavimba kwenye vidole. Likipanda na masikio yakatika tik, umeipata. Kama kifua au tumbo vinacheza umerudi kwenye kupuliza. Kuna watu wanaipata siku moja, kuna watu wiki mbili, na Waswahili tuna bahati, hiyo "ng" tunayo tangu tumezaliwa, wageni nawafundisha nusu saa kuitamka tu.

Fanya hayo mazoezi mara nyingi kwa siku, ukiwa kwenye bodaboda, ukiwa unasubiri ugali, taratibu taratibu. Siku ya kuzamia, anza kuzibua kabla hujapanda boti. Kama nchi kavu sikio moja haliitikii kabisa, jibu umeshapata, siku hiyo utabaki kuangalia vitu botini.

Kabla ya kuingia angalia na vifaa. Maski lazima iwe na mfuko wa pua unaoshikika kwa vidole, ukivaa glavu nene jaribu nazo kabisa. Miwani ya kuogelea ile ya macho tu haifai kushuka nayo, huna pua ya kupulizia ndani, itakunyonya macho. Plagi za masikio marufuku, zinatengeneza kachumba kengine ka hewa nje ya ngoma ambako huwezi kukazibua kwa njia yoyote. Na kama umevaa kofia ya mpira inayobana, vuta kidogo pembeni maji yaingie kwenye tundu la sikio, la sivyo ni plagi ileile kwa jina lingine. Hapa kwetu maji ni ya vuguvugu, kofia wengi hawavai.

Sasa kushuka. Miguu itangulie, kichwa juu, kila siku, hata uone wazoefu wanachomoka kichwa chini kama mnandi, we bado. Zibua mara moja ukiwa bado unaelea, maski iko majini na jaketi la kuelea lina hewa. Hii ya juu ndo wengi wanairuka. Alafu toa hewa kidogo kwenye jaketi, shika kamba, mkono mwingine uko puani na unabaki hapohapo puani mita tatu za mwanzo, usiutoe. Kila fundo, zibua. Hujasikia tik, usilivuke fundo. Ukihisi hata kamgandamizo tu, sio maumivu, kamgandamizo, panda fundo moja, jaribu tena. Imekubali, shuka. Imegoma, panda lingine. Kushuka mita tano kukikuchukua dakika sita hakuna anayekudai, hewa unayotumia hapo juu ni kidogo mno.

Kuna dada mmoja, mwalimu wa shule kutoka Tabora, alishuka na treni kuja likizo akasema lazima ajue kuzamia. Siku ya kwanza akapanda na kushuka fundo la tatu kama mara nane. Akaibuka, akatoa regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, mdomoni, "Kaka, nimefika chini?" Nikamwambia, "Mwalimu, uko mita moja na nusu, ukisimama vidole vyako vya mkono vinatoka nje." Akacheka mpaka maski ikajaa maji. Nikashuka nae nimtazame vizuri, nikaona tatizo, kila akifika fundo la pili anainamisha kichwa kuangalia samaki miguuni kwake, kidevu kimegusa kifua. Ukiinama hivyo shingo inakunjika na mirija inabanwa. Nikampa ishara aangalie dumu, lile la juu ya kamba. Akainua uso, shingo ikanyooka, akaziba pua, nikaona macho yanacheka kabla hajanipa ishara ya poa. Sikio lake la kulia ndo lilikuwa gumu zaidi, nikamuonyesha kukilaza kichwa upande wa kushoto ili lile la kulia litazame juu, linyooke. Siku ile aliishia fundo la kumi, mita tano. Samaki aliwaona, ila kwa kujifunza kwanza kutowatazama.

Kwa hiyo ikigoma orodha yako ya haraka kichwani ni hii: panda kidogo, angalia juu, laza sikio gumu lielekee juu, sogeza taya mbele na huku na huku kama sangala aliyetolewa majini, meza, alafu ndo uzibue polepole. Mwambie mwenzako kwa ishara, kiganja kilichonyooka unakitikisa huku na huku, alafu onyesha sikio kwa kidole. Usione aibu. Mi sheria yangu ni mara tatu, mara tatu imegoma tunarudi botini, hakuna mjadala, hata kama umelipa hela na umetoka mbali.

Kupanda kwa kawaida ni mteremko, hewa inatoka yenyewe, utasikia vimapovu vinalia kreke kreke sikioni. Saa ingine inakwama, hewa inavimba ndani haitoki, sikio linauma unapopanda au kichwa kinayumba. Hapo usizibe pua ukapuliza, utakuwa unaongeza hewa mahali ambapo hewa imezidi. Simama, shuka nusu mita au moja, meza mate, chezesha taya, alafu panda kwa mwendo wa kinyonga. Jicho kwenye geji ya hewa ya mtungi. Hewa ikiwa inaelekea kuisha unapanda tu hata kama linauma, sikio linapona.

Na hii ya kukwama wakati wa kupanda ndo sababu nawakatalia watu kuzamia na mafua huku wamekunywa dawa za kufungua pua. Dawa inafungua, unashuka vizuri, ukiwa huko chini nguvu yake inaisha, mrija unavimba, na juu lazima urudi. Mafua, subiri yaishe, na kamasi likiisha ongeza siku kadhaa. Kiangazi hapa vumbi nalo linawatesa wenye aleji, kwao huwa nashauri kusafisha pua asubuhi na maji ya chumvi, nusu kijiko kidogo kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Na sigara inavimbisha mlemle, sisemi mengi wavutaji mnajijua.

Umetoka majini, sikio "limeziba". Hapa watu wanachanganya vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina njia yake. Kama ni maji tu yamebaki kwenye tundu la nje, unayasikia yanacheza ukitikisa kichwa, yanatoka ukilala upande na kuvuta sikio nyuma na juu, ndani ya saa chache yameisha. Kama ni nta, mara nyingi ilikuwepo kabla, maji yameifanya ivimbe, usikivu umepungua upande mmoja bila maumivu makubwa. Hiyo nenda ikatolewe hospitali, na tafadhali vijiti vya pamba, funguo, njiti za kiberiti, manyoya ya kuku (nimeona), vyote hivyo vinaisukuma nta ndani tu.

Cha tatu ndo cha wazamiaji hasa, umajimaji nyuma ya ngoma. Ulishuka bila kuzibua vizuri, kile kachumba kikanyonya maji ya mwili na saa ingine damu kidogo kutoka kwenye ngozi yake chenyewe. Dalili yake, sikio limejaa, sauti yako unaisikia kama uko ndani ya mtungi, unatikisa kichwa hakuna kinachotoka, na inakaa siku mbili, tatu, hata wiki. Unaweza ukatema damu kidogo pia au ukaiona kwenye maski. Hapo hata uvute sikio vipi hutoi kitu maana kiko nyuma ya ukuta. Kinaondoka chenyewe taratibu kupitia mrija, kazi yako ni kutozamia, kutopuliza pua kwa nguvu, na kutomwaga chochote sikioni. Ile michanganyiko ya siki na spiriti ya kukausha masikio ni kwa ajili ya tundu la nje kwa mtu mwenye ngoma nzima, ukiwa na wasiwasi hata kidogo kwamba kuna tundu, usiguse.

Utajuaje kuna tundu? Watu wa Ujiji wanaijua habari ya akina Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza waliofika hapa Februari 1858. Huyo Speke akiwa safarini ziwani, usiku kwenye hema, mdudu mmoja mweusi akamwingia sikioni. Akajaribu siagi iliyoyeyushwa, ikagoma, akachukua kisu kidogo akachokonoa. Mdudu alikufa, sikio nalo likafa nae, likatunga usaha, akawa kiziwi upande huo kwa muda mrefu, na mwenyewe alieleza kwamba kila akipenga kamasi sikio lilikuwa linapiga mluzi mpaka waliokuwepo wakawa wanacheka. Mluzi ule ndo dalili. Ukipenga au ukizibua taratibu ukasikia hewa inavuja fyuuu kupitia sikio, au unaihisi inatoka, usizamie, usiogelee, usiweke maji hata ya kuoga mpaka daktari aangalie. Tundu dogo mara nyingi linajifunga lenyewe kwa wiki kadhaa likiachwa kavu.

Kuna ambazo hazisubiri kesho. Usikivu umepotea ghafla, mlio wa nziii hauishi, kizunguzungu hakikatiki na unatapika, hasa kama ulipuliza kwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo uombe daktari wa masikio, pua na koo, na njiani usinyanyue mizigo, usipenge, usijikamue chooni. Mwambie ulizamia kina gani na dakika ngapi, maana kizunguzungu baada ya kutoka kina kirefu saa ingine sio sikio tu, ni mapovu ya gesi yaliyojitengeneza mwilini wakati wa kupanda, na matibabu yake ni mengine. Ndege pia usipande na sikio lililoziba. Hata likiwa zima mwongozo wa kawaida ni masaa 12 baada ya kuzamia mara moja, 18 kama umezamia mara nyingi, na ukumbuke Tabora iko kama mita 1,200, Kasulu nako ni mlimani, kwa hiyo hata basi la jioni baada ya kuzamia asubuhi sio wazo zuri.

Ukishapona, usirudi pale ulipoishia. Anza na kioo nyumbani, masikio yote mawili yaitikie bila kulazimisha siku kadhaa mfululizo. Alafu kamba, mita mbili tu, panda, shuka tena mita mbili, panda, ukae juu kama dakika kumi ukisikilizia. Sikio likibaki jepesi, kesho yake ongeza. Mi niliporudi baada ya lile tundu langu nilikaa fundo la nne siku nzima, vijana wa dagaa wanapita na mitumbwi wananiuliza nimepoteza nini pale.